Samansi ya Mzee Shauri

Mayai ndiyo yaliyoleta mambo yote haya. Bibi Asnath alikuwa na kuku sita wa kutaga, na kila mmoja alimjua tabia: huyu hutaga asubuhi, huyu hutagia chini ya kitanda, yule mwekundu hapigi kelele mpaka ahakikishe watu wanamsikia. Mwezi wa sita wa mwaka tisini na nne, shule zikiwa zimefungwa, kuku walipiga kelele kama kawaida ila mayai hayakuonekana. Bibi Asnath akamshuku kicheche. Kisha akamshuku jirani, akaanza hata kuyapanga maneno ya kusema barazani. Siku ya tatu akamwona mjukuu wake Kurwa, mtoto wa miaka tisa, akishuka mlima kwa mwendo wa mtu aliyebeba maji ya moto, na pindo la kanga limefungwa fundo.

Akamfuata. Sisi watu wa milima ya Gonja hatumfuati mtu kwa kukimbia, tunamfuata kwa kukata njia za migombani, na bibi yule alifika gulioni kabla ya mjukuu. Akajificha nyuma ya magunia ya tangawizi. Kurwa akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kibanda cha mabati kilichokuwa kikinguruma, akafungua fundo, akatoa mayai mawili, akayapanga kwenye trei mlangoni, akaingia ndani.

Kibanda kilikuwa cha Iddi, kijana mpole kutoka Same mjini, aliyepanda huku na televisheni moja, deki moja ya video na jenereta. Mtoto asiye na hela alikubaliwa kuingia kwa mayai. Bibi Asnath alipochungulia aliona watoto wa kijiji kizima wamekaa gizani, midomo wazi, wanamtazama mwanamume asiye na shati akipiga watu mateke. Akasimama, akatazama naye, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kuhukumu kitu asichokiona. Mtu mmoja akapigwa teke, akaanguka, akainuka, akapigwa tena. Bibi Asnath akangoja aone shauri litafunguliwa wapi. Halikufunguliwa popote.

"Shikamoo bibi," Iddi akasema. "Karibu, kaa mbele, wazee hawalipi."

"Marahaba. Na huyu anayepigwa, hana ndugu?"

Iddi akacheka, lakini kwa adabu. Bibi Asnath akamwambia kwamba wakati wa shida, pasipo sukari wala sabuni, watu wa kijiji hiki walicheka kuliko hawa, na hakuna kuku aliyeibiwa. Iddi akajibu kuwa hao waliowachekesha wakiletwa, yeye mwenyewe ataizima jenereta.

Hapo ndipo bibi aliposema neno ambalo baadaye lilimnyima usingizi. Alilisema mbele ya wauza tangawizi, mbele ya wauza ndizi, na mbele ya mke wa mwinjilisti, ambaye akisikia jambo ni sawa na limebandikwa ubaoni.

"Alhamisi ijayo, siku ya gulio, saa nane mchana, watoto hawa wote watakuwa kwangu. Wasipokuja, Mzee Shauri nampasua katikati nimfanye kata ya kuchotea maji, na wewe ndiye utakayekunywa wa kwanza."

Iddi hakujua Mzee Shauri ni nani. Watu wazima walijua.

Mwaka themanini na tatu, kwa wasioukumbuka, ulikuwa mwaka wa foleni. Watu walikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, walifulia majani ya mpapai, na redio zilikaa kabatini kwa sababu betri hazikuwepo. Ikivuma kwamba lori la sukari linakuja duka la ushirika, watu walijipanga tangu alfajiri, na lori lingeweza kuja siku hiyo au wiki ijayo au lisije. Nani angeweza kusimama wiki nzima, na shamba linangoja? Kwa hiyo mtu aliweka jiwe. Jiwe lako lilisimama foleni badala yako, wewe ukaenda kupalilia maharage.

Ubaya wa jiwe ni kwamba jiwe halina mdomo. Jiwe la Bibi Asnath lilisogezwa nyuma mara tatu na watu wanaoimba kwaya. Mara ya nne hakuweka jiwe. Alichukua kibuyu chenye shingo, akakitia macho ya vizibo vya soda, pua ya gunzi na ndevu za mkonge alizoletewa na kaka yake kutoka mashambani huko tambarare. Akakivisha gauni la kitambaa kuukuu ili mkono wake uingie, akajikunyata nyuma ya boksi, na kila aliyegusa foleni alisikia sauti kavu ya mzee inamwambia, "Nimekuona. Tutaonana barazani."

Mzee Shauri akazaliwa hivyo. Hakusogezwa tena. Tena watu wakaanza kuja foleni hata wasipohitaji sukari. Mzee Shauri alikuwa na kesi: kuku wake, Bi Mtetea, aliyetengenezwa kwa soksi na manyoya ya kuku halisi, alikwenda kutagia chini ya kitanda cha jirani. Yai ni la nani? La mwenye kuku, au la mwenye kitanda? Mzee Shauri aliuza mbuzi afungue kesi, akauza ng'ombe akate rufaa, na sisi Wapare tuliosimama pale tukacheka mpaka tukaegemea mawe yetu, kwa sababu kila mmoja alimfahamu mjomba wake mle ndani ya kibuyu. Lakini hukumu haikuwahi kutoka. Kila ikikaribia, ama mtu alipiga kelele kwamba lori limeonekana kwenye kona, ama jua lilizama.

Halafu mambo yakafunguliwa, maduka yakajaa, sukari ikakaa kwenye magunia ikimngoja mtu. Foleni ikafa. Mzee Shauri akatundikwa darini juu ya moto, akawa mweusi kwa moshi.

Basi habari ya Alhamisi ilipoenea, watu wa foleni walimiminika nyumbani kwa Bibi Asnath kama waliokuja msibani. Kila mmoja alikuwa na ushauri. Mwalimu wa darasa la nne alitaka yai lile lipewe mtoto mdogo alile, ili watoto wajifunze lishe bora. Mwinjilisti alitaka Mzee Shauri na jirani yake wasameheane na kuimba. Wa upande wa mwenye kuku waligombana upya na wa upande wa mwenye kitanda, na wawili kati yao walikuwa mtu na mke wake, wakaondoka kila mmoja kwa njia yake.

Mwanaasha ndiye aliyekuja na kitu mkononi. Huyu alikuwa Mwislamu wa Bendera, kule tambarare, aliyepanda mlima zamani kuuza chumvi akiwa na jiwe lake foleni nyuma ya la Asnath, na sasa aliuza mitumba. Alichambua marobota yake yote akapata suruali ya jinzi ya mtoto mchanga na kofia yenye maandishi ya kizungu.

"Shoga, watoto wa sasa hawamsikilizi mzee mwenye gauni," akasema. "Mvalishe."

Bibi Asnath akaipokea suruali, akaigeuza, akaiweka juu ya meza. Hakusema ndiyo wala hapana. Kwake hiyo ilikuwa njia ya kusema hapana, lakini Rubeni hakuielewa hivyo.

Rubeni alikuwa ndiye muuzaji wa duka la ushirika enzi zile. Kazi yake kubwa ilikuwa kutoka mlangoni na kusema lori halijaja, na mara mbili watu wangempiga kama Mzee Shauri asingeinuka nyuma ya boksi na kuwaambia wamwache, huyo atashtakiwa kwa utaratibu. Tangu siku hiyo Rubeni alikipenda kile kibuyu kuliko baadhi ya wanawe. Alijua kila neno lake. Alijua hata siku alizokohoa.

"Mama Wilbard," akamwambia Bibi Asnath, akiiangalia suruali kama mtu anayeangalia nyoka, "Mzee Shauri hana miguu."

Mwanaasha akajibu kwamba miguu itajazwa matambara. Rubeni akasema Mzee Shauri hajawahi kuwa na miguu, hakuzaliwa na miguu, na umri wake sasa si wa kuota miguu. Mwanaasha akamwuliza yeye ni nani, kibuyu amekilima yeye? Rubeni akasema kibuyu ni cha Mama Wilbard lakini Mzee Shauri ni wa foleni nzima. Hapo Bibi Asnath akakasirika, akawaambia wote watoke, tena watoke na ushauri wao, nyumba ni ndogo.

Angemwambia Rubeni kwa neno moja kwamba suruali haivaliwi, mambo yangeishia pale. Lakini yeye hakuwahi kueleza nia yake kwa mtu aliyemwinulia sauti, na alikuwa na miaka sitini na minane, hakuona sababu ya kuanza.

Rubeni alitoka pale moja kwa moja hadi baraza la kata. Akafungua shauri la kuzuia suruali. Karani alipomwuliza jina la mlalamikiwa, Rubeni alifikiri. Kumshtaki Mama Wilbard, mtu aliyemwokoa asipigwe, aliona haya. Mwanaasha si mkazi. Sasa suruali inavaliwa na nani? Anayeivaa ndiye mwenye kosa. Akataja Mzee Shauri. Karani, ambaye alikuwa mgeni kazini na alitaka kwenda kula, akaandika, akapiga muhuri. Kusikilizwa: Alhamisi, saa nane mchana.

Samansi ikaletwa. Bibi Asnath alisoma kwa kidole, kama alivyofundishwa na kisomo cha watu wazima, akilipanda kila neno kama mtu anayepanda mlima na mzigo wa kuni, akipumzika kwenye nukta. Alipofika mwisho akarudi mwanzo.

"Jina langu halimo," akasema.

Wakamwambia wewe ndiye uliyekusudiwa. Akasema walioandika wana mikono, wangetaka kumwandika wangemwandika. Habari ikamfikia mwenyekiti wa baraza, Mzee Zefania, naye akashika kichwa. Alimshauri Rubeni aifute kesi. Rubeni alikuwa ameshagundua kwamba saa nane ya Alhamisi ndiyo saa ile ile ya maonyesho, akawa hapati hata ladha ya chakula, lakini kuifuta kesi hakuweza. Kwetu mtu anaweza kutua mzigo njiani, akatua hata mtoto, lakini kesi iliyopigwa muhuri haituliwi. Angepita wapi tena?

Bibi Asnath alilipalilia shamba zima la maharage siku ile akiwaza, na baadhi ya maharage aling'oa. Akibaki uwanjani kwake kuwachezea watoto, Mzee Shauri atahukumiwa bila kusikilizwa, yeye ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kukosa baraza. Akienda barazani, uwanja utakuwa mtupu, watoto watabaki kwa Iddi, na neno alilolitamka mbele ya mke wa mwinjilisti litatimizwa kwa panga. Alikipandia kibuyu darini, akakifuta moshi. Jicho moja la kizibo lilikuwa limedondoka. Akashonea kifungo cha koti, kikubwa kuliko kizibo, na Mzee Shauri akawa na sura ya mtu aliyeshtuka upande mmoja.

"Umeitwa," akamwambia. "Utakwenda."

Alhamisi saa nane chumba cha baraza kilikuwa na watu wa foleni tu, wamejaa kwenye mabenchi, wanaume kushoto, wanawake kulia, hakuna mtoto. Kule chini jenereta ya Iddi ilisikika. Bibi Asnath alikaa mbele karibu na meza, kanga imemfunika mpaka mikononi, anatazama dari. Mzee Zefania akakohoa, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kusikiwa, kama mlalamikiwa yupo.

Kifungo cha koti kikachomoza juu ya ukingo wa meza.

"Nipo, mheshimiwa. Nimekaa chini kwa sababu mlalamikaji amesema sina miguu."

Sauti ilikuwa ile ile. Miaka kumi na moja ya moshi ilikuwa imeizidishia ukavu tu. Watu walicheka kwa namna ambayo watu wazima hawacheki siku za kazi, na mzee mmoja akaomba atolewe nje apate hewa.

Ikawa kwamba mtoto mmoja alikuwa akipita njiani, yai mkononi, anakwenda kwa Iddi. Akasikia watu wazima wanacheka mahali ambapo huwa wanagombana. Akasimama dirishani. Mwenzake akamwona amesimama, naye akasimama. Baraza letu halikuwa na vioo wala nondo, na muda si mrefu kila dirisha lilikuwa na vichwa kama mkungu wa ndizi.

Rubeni alisimama, amevaa shati lake la kanisani. Akamwuliza mlalamikiwa kama anakiri kwamba alikusudia kuvaa suruali.

"Suruali niliiona mezani kama ulivyoiona wewe," Mzee Shauri akajibu. "Nami nina swali. Mwaka themanini na tatu, ndugu muuzaji, wewe ulikuwa unavaa nini?"

Rubeni akakaa. Mabenchi yote yalikumbuka kwa pamoja. Mwaka ule nguo hazikuwepo, na Rubeni alishonewa suruali ya gunia la sukari, na fundi hakuangalia upande.

"Mheshimiwa, andika," Mzee Shauri akaendelea. "Sukari pekee iliyoonekana dukani mwaka ule ilikuwa maandishi kwenye makalio yake. Kilo mia, daraja la kwanza. Watu waliamka alfajiri kuyasoma."

Watoto hawakujua foleni, hawakujua lori, lakini makalio waliyajua. Dirisha la kushoto lililipuka kwanza, la kulia likafuata. Rubeni mwenyewe alifunika uso, mabega yakawa yanaruka, na aliyekuwa karibu naye alidhani analia mpaka aliposikia anasema kwa pumzi fupi, "Alisema hivyo hivyo siku ile, hivyo hivyo."

Mtu wa mwisho kuingia alikuwa Iddi. Mtu aliyepigwa mateke alikuwa anaanguka na kuinuka peke yake kibandani, hakuna anayemtazama, na Iddi alikuja kuwatafuta wateja wake, trei bado mkononi kwa sababu hakuthubutu kuiacha. Alisimama mlangoni. Bibi Asnath hakugeuka. Ila kanga yake ilisogea upande wa pili, na Bi Mtetea akatoka, manyoya yamesimama, akatembea juu ya meza ya baraza, akapita juu ya daftari la karani, akanyoosha shingo kuelekea mlangoni.

"Mheshimiwa," Bi Mtetea akasema, "kijana huyu ananuka wanangu."

Kila bibi aliyekuwa upande wa kulia akaitazama ile trei, kisha akageuka polepole kulitazama dirisha, akatafuta kichwa cha kwake. Vichwa vikaanza kushuka kimoja kimoja. Kurwa alichelewa kushuka kwa sababu alikuwa anacheka, tumbo amelishika, machozi yanamtoka, mpaka fremu ya dirisha ikaachia na yeye na fremu wakaingia ndani ya baraza.

Iddi akajaribu kusema kwamba aliletewa, hakuiba. Bi Mtetea akamwuliza yai likiletwa linakuwa la nani: la mwenye kuku, au la mwenye trei? Upande wa kushoto wakapiga kelele kwamba ni la mwenye trei, upande wa kulia ni la mwenye kuku, na watoto wakiwa nje wakagawanyika vivyo hivyo, wakipiga kelele bila kujua kwamba wanaingia kwenye ugomvi wa miaka kumi na moja. Iddi alicheka mpaka akalazimika kuiweka trei chini. Halafu akatoka. Dakika chache baadaye jenereta ikanyamaza kule chini, na Bibi Asnath, aliyekuwa bado anatazama dari, akashusha mabega.

Mzee Zefania aligonga meza. Akaamuru kwamba suala la suruali halijaamuliwa, suala la mayai ni jipya na ni zito, mayai yabaki kwa karani kama kielelezo, mlalamikiwa aendelee kuvaa gauni mpaka hukumu, na shauri linaahirishwa hadi Alhamisi ijayo saa nane. Karani akauliza mayai atayatunzaje wiki nzima.

Jioni Iddi alipanda mlima mpaka kwa Bibi Asnath kutoa pole ya mayai. Akaombwa akae. Akaletewa maji, naye akakiangalia kwanza chombo chake. Kilikuwa kikombe cha plastiki. Akayanywa yote.

Alhamisi iliyofuata bibi aliwahi tangu asubuhi kwenda kufagia baraza. Alipofika kwenye kona akasimama. Kutoka mlangoni mpaka kwenye mti wa mparachichi ulikuwepo mstari wa mawe. Mengine madogo kama ngumi ya mtoto, mengine yamechorwa mkaa. Nani aliwafundisha? Wazazi wao walikuwa hawajaongea habari za mawe kwa miaka, waliona aibu.

Jiwe la nane lilikuwa kubwa, la mtu mzima, limefungwa uzi wa gunia ili lisichanganywe. Rubeni alikuwa amesimama juu yake, mikono nyuma. Mbele yake alikuwa Kurwa na kijiwe chake, naye Rubeni alikuwa anamweleza, kwa subira ya mtu aliyewahi kuhudumia umma, kwamba jiwe lake lilikuwa la saba jana jioni na leo ni la nane, na kwamba mawe hayatembei.

Kurwa akaweka mkono kiunoni.

"Babu," akasema, kwa sauti kavu ya mzee, "tutaonana barazani."

Rubeni akaanza kutafuta kalamu mfukoni. Bibi Asnath akapita na ufagio wake. Yeye alikuwa ameuona mkono uliolisogeza lile jiwe, tena aliuona vizuri, lakini hakuna aliyekuwa amemletea samansi.